Kompyuta za Serikali Hufia Bohari Kabla ya Kufika Shuleni

Kitu cha kwanza kung'olewa kwenye kompyuta ya serikali inayostaafishwa ni diski, na mara nyingi msaada mzima huharibikia hapo. Mkuu wa idara anaogopa data za wananchi zisije zikavuja, na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo anaagiza diski zote zitolewe zikatobolewe. Miezi inapita. Shule inaitwa kuchukua kompyuta 40. Hazina diski, wala vile vishikizo vya plastiki vinavyoibeba diski ndani ya kasha. Nyingine hazina nyaya za umeme. Zinazowaka zinadai nywila, na aliyeiweka alishahama ofisi. Katika vitabu vya serikali hizo ni kompyuta 40 zilizotolewa kwa elimu. Kwa mwalimu aliyezisainia ni mzigo unaomtaka atafute fedha asizokuwa nazo.

Misaada ya aina hii inapofeli, lawama huelekezwa kwa wapokeaji: walimu hawajui kutunza vifaa, umeme wa shule hauaminiki. Yapo hayo. Lakini kwa sehemu kubwa hatima ya kompyuta huwa imeshaamuliwa kabla haijapakiwa kwenye gari, ndani ya bohari ya ofisi inayoitoa, na wanaoiamua ni watu ambao hawataiona tena mashine hiyo. Marekebisho yaanzie kwao.

Ruhusa ya kisheria kwa kawaida si kikwazo. Nchini Marekani, Rais Bill Clinton alisaini Amri ya Rais namba 12999 mwezi Aprili 1996, ikizitaka idara za serikali kuu kuzipa shule na asasi zisizo za faida kipaumbele cha juu zinapogawa vifaa vya kompyuta visivyohitajika tena. Amri hiyo hukumbukwa kwa ugawaji. Kifungu chake cha kwanza, hata hivyo, kinahusu ulinzi: kinaziagiza idara kuvitunza vifaa hivyo, hasa vinapotangazwa kuwa vya ziada, kwa kuwa vinaweza kutumika vilivyo, kutolewa vipuri au kuboreshwa. Waliotunga walijua hatari iko wapi. Kanada nayo ilianzisha mpango wa Computers for Schools mwaka 1993 kwa kuweka vituo vya ukarabati kati ya ofisi inayotoa na shule inayopokea, na vijana wakapata ufundi humo humo. Kolombia ikaufuata mfano huo katika Computadores para Educar. Serikali inayosafirisha mzigo kutoka bohari hadi darasani bila kituo cha katikati imeihamishia shule kazi ya karakana, na shule nyingi hazina karakana.

Tuanze na muda, kwa sababu ndio unaopotea bila mtu kusaini popote. Kompyuta ya ofisi hubadilishwa ikiwa na miaka mitatu hadi mitano. Ikitoka mezani ikiwa na miaka mitano, ikasubiri kamati ya uondoshaji mali miaka miwili, inafika darasani ikiwa na miaka saba. Miaka hiyo miwili haikumnufaisha mtu, na mashine haikupumzika. Betri ya laptop iliyoachwa tupu huendelea kushuka volti polepole hadi chini ya kiwango cha usalama, na saketi yake ya ulinzi hukataa kuichaji tena. Betri ndogo ya ubao mama (bodi kuu ya saketi ndani ya kompyuta), ile ya duara ya CR2032, huisha. Betri hiyo ni ya bei ndogo kuliko kipuri kingine chochote, lakini ikifa saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa sababu, kwa hesabu ya saa hiyo, vyeti vya tovuti havijaanza kutumika. Mwalimu huona "intaneti imekufa" na kuita fundi wa mtandao, kumbe tatizo ni betri. Mwenye kukarabati azibadilishe zote kwa mkupuo bila hata kuzipima.

Bohari ina adui mwingine ambaye ripoti haimtaji. Mashine zikikaa, hupungua. Leo fundi wa ofisi anahitaji RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa haraka, kesho mtu anaazima chaja, keshokutwa diski. Baada ya mwaka mzigo wa kompyuta 40 una mashine 25 kamili na mabaki 15, lakini leja bado inasema 40. Dawa ni kuorodhesha kila mashine siku ile ile inapoondolewa mezani: namba ya utambulisho ya kiwandani, aina ya prosesa, ukubwa wa RAM, aina na ukubwa wa diski, chaja ipo au haipo, inawaka au haiwaki. Kisha chaja ifungwe kwenye laptop yake kwa utepe. Chaja zikishamwagwa kwenye katoni moja, kuzioanisha upya ni kazi ya siku nzima. Vichwa vinatofautiana, na hata vinapolingana nguvu hazilingani: chaja ya wati 45 kwenye laptop inayotaka wati 65 inaweza kuchaji kwa kusuasua au kuifanya prosesa ipunguze kasi, halafu mashine nzima ikasingiziwa ubovu.

Muda pia unakula programu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Mashine nyingi zinazoondolewa maofisini sasa zinaondolewa kwa sababu hiyo hiyo, si kwa ubovu. Kwa shule hili si balaa. Kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8 na SSD (diski ya chipu isiyo na sehemu zinazozunguka) inaendesha mifumo endeshi ya Linux Mint au Debian bila kuhema, na uandishi, hesabu, programu za kujifunzia kuandika msimbo na kivinjari vyote vinafanya kazi. Kosa ni kuipeleka na Windows ya ofisi ikiwa bado ndani. Leseni za jumla ambazo serikali hununua kwa ajili ya maelfu ya mashine kwa kawaida hazihamishiki kwa mpokeaji. Leseni iliyokuja na kompyuta yenyewe kutoka kiwandani ni suala jingine. Katika mashine za kuanzia enzi za Windows 8 ufunguo wake kwa kawaida umehifadhiwa kwenye ubao mama.

Sasa diski. Kuna imani iliyoenea kwamba data hazifutiki kweli mpaka diski ivunjwe, na imani hiyo imewagharimu wapokeaji kuliko wizi wote wa bohari. Mwongozo unaotumiwa sana katika jambo hili, NIST 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, unagawa kazi katika ngazi tatu: kufuta kwa kuandika juu ya data, kusafisha kwa kina hata maabara isiweze kuzirudisha, na kuharibu kifaa chenyewe. Ngazi huchaguliwa kulingana na uzito wa taarifa, na kuharibu hakukusudiwi kuwa jibu la kila diski. Kwa diski ya kisasa ya sumaku, kuandika juu yake yote mara moja kunatosha kwa taarifa za kawaida za ofisi. Utaratibu wa kuandika mara tatu au saba ni mabaki ya zama za diski za muundo wa zamani, na unachofanya leo ni kuongeza siku za kazi.

Tupige hesabu. Diski ya GB 500 inayoandika kwa MB 100 kwa sekunde hujazwa kwa sekunde 5,000, yaani chini kidogo ya saa moja na nusu. Kuisoma yote tena ili kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki kunachukua muda kama huo. Fundi akiwa na mashine kumi zinazofutwa kwa pamoja kutoka kwenye flashi, kompyuta 40 zinataka mizunguko minne ya saa tatu, jumla saa 12. Muda mwingi kati ya hizo fundi anafanya kazi nyingine. Hizo ni siku mbili za kazi za mtu mmoja, zikilinganishwa na kununua diski 40 mpya. Hakuna afisa fedha ambaye angechagua kununua iwapo hesabu hizi mbili zingewekwa mezani pamoja, lakini haziwekwi, kwa kuwa gharama ya kwanza iko kwenye bajeti ya ofisi na ya pili iko kwa shule.

SSD zinataka njia tofauti. Kuandika juu yake kwa programu ya kawaida hakufikii sehemu za akiba ambazo SSD huzitunza kwa matumizi yake ya ndani, na data za zamani zinaweza kubaki humo. Njia sahihi ni kuiamuru SSD yenyewe ijisafishe kwa amri iliyojengewa ndani yake, na kazi huisha kwa dakika chache, au sekunde tu kwa zile zinazofuta ufunguo wa usimbaji, yaani ufunguo ambao bila huo data hazisomeki. Fundi asiyejua hukwama hapa: BIOS nyingi (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) huifunga amri hiyo kompyuta inapowashwa, na programu inasema SSD imegandishwa. Kwa kawaida kuilaza mashine usingizi kisha kuiamsha huondoa kizuizi. Mashine zinazofuta diski kwa sumaku kali nazo hazifai hapa. Kwa SSD hazina athari, kwani humo hakuna kilichohifadhiwa kwa sumaku. Na diski ya kawaida ikipitishwa humo hupoteza hata alama za kiwandani zinazoongoza kichwa chake, ikawa haitumiki tena.

Zipo diski za kuharibiwa, na zisionewe huruma. Iliyoshindwa kumaliza kufutwa iharibiwe. Yenye sekta mbovu zilizohamishwa (vipande vyake vilivyoharibika ambavyo diski imeacha kuvitumia) iharibiwe pia, kwa kuwa sekta hizo huenda bado zimebeba maandishi ya zamani ambayo programu ya kufuta haiyafikii. Za ofisi zinazoshughulika na siri za nchi zina sheria zake. Lakini ofisi yoyote inayoamua kung'oa diski iweke SSD za GB 240 katika jalada hilo hilo la uamuzi, au itamke wazi kwamba inatoa vipuri na si kompyuta. Na fundi anayeng'oa aache kishikizo, skrubu na ule waya mfupi wa SATA, unaounganisha diski na ubao mama, ndani ya kasha. Vikishapotea, kupata vya modeli ile ile ni shughuli kuliko kupata diski. Kila iliyofutwa iwe na cheti chenye namba ya diski, namba ya mashine, njia iliyotumika, tarehe na saini. Cheti hicho ndicho kinachompa mkuu wa idara ujasiri wa kuiachilia diski itoke. Akumbuke pia mashine za fotokopi, ambazo nyingi zina diski ndani yake na hutoka ofisini zikiwa na picha za kila kilichopita.

Kufuli za programu zimekuwa tatizo kubwa kuliko diski, hasa kwa laptop za miaka ya karibuni. Nywila ya BIOS ya kompyuta ya mezani ya zamani iliweza kuondolewa kwa kutoa betri ya ubao mama. Kwenye laptop za kiofisi nywila ya msimamizi hukaa kwenye chipu isiyosahau hata umeme ukikatwa, na kutoa betri hakusaidii kitu. Halafu kuna usajili wa mbali. Laptop iliyosajiliwa na idara kwenye Windows Autopilot, huduma ya Microsoft ya kusimamia mashine za taasisi kupitia intaneti, itasafishwa, itawekewa Windows upya, na dakika itakapounganishwa na intaneti itafungua ukurasa wa kuingilia wa idara ile ile. Chromebook (laptop ya mfumo wa Google) iliyosajiliwa na taasisi hufanya hivyo hivyo, na iPad yenye kufuli ya Apple haifunguki bila mwenyewe. Hakuna fundi wa shule anayeweza kuondoa usajili huo kihalali. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa TEHAMA wa ofisi inayotoa, kwa kufuta namba ya mashine kwenye mfumo wake. Jaribio ni jepesi: baada ya kusafisha, unganisha mashine na intaneti, anza kuiandaa kana kwamba ni mpya, na uone kama inamtaja bosi wa zamani. Lifanyike bohari, kwa kila mashine. Kuchukua sampuli hakutoshi, kwani mashine iliyobadilishwa ubao mama huweza kuwa na usajili tofauti na za wenzake.

Viunganishi vya skrini huwakwamisha wengi pia. Kompyuta ndogo za ofisi hutoka na matundu ya DisplayPort pekee, wakati monita zinazotolewa kutoka chumba kingine ni za VGA, kiunganishi cha zamani. Waya wa kawaida hauunganishi viwili hivyo. Inatakiwa adapta yenye saketi ndani, moja kwa kila kompyuta. Jozi ya kompyuta na monita ijaribiwe ikiwa jozi, ifungwe ikiwa jozi. Kompyuta hizo hizo ndogo hutumia vikasha vya umeme vyenye plagi za mtengenezaji mwenyewe badala ya plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo kikasha kikiungua cha dukani hakiingii. Ndiyo maana mashine 30 za modeli moja zina thamani kuliko 45 za modeli kumi na mbili. Za modeli moja zinapeana vipuri, zinawekewa programu kwa nakala moja, na fundi akijifunza ugonjwa mmoja ametibu zote. Ofisi ikitoa modeli moja ya 30, iongeze tatu au nne za kuvunjwa vipuri na iziite hivyo kwenye hati.

Umeme uulizwe mapema. Kompyuta ya mezani na monita yake hula wati 60 hadi 100 ikiwa kazini, kwa hiyo chumba cha 30 kinaweza kufika kilowati 3. Laptop 30 za wati 20 hadi 40 hazizidi kilowati 1.2, na hata zenye betri iliyochoka huvuka kukatika kwa umeme kwa muda mfupi bila kupoteza kazi ya mwanafunzi. Shule inayotegemea sola ipewe laptop. Mashine zinazovuka kutoka nchi ya volti 120 kwenda ya volti 230 ziangaliwe nyuma: vikasha vingi vinajirekebisha vyenyewe, lakini vya zamani vina swichi nyekundu ya 115 na 230, na ikisahaulika kwenye 115 kikasha hulipuka mara ya kwanza kuchomekwa.

Kuvuka mpaka kuna sheria pia. Mkataba wa Basel, uliopitishwa 1989, ulipanuliwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa. Kinachotenganisha kompyuta iliyotumika na taka ni ushahidi: matokeo ya vipimo kwa kila kifaa, na ufungashaji unaoonyesha kwamba mtumaji anataka kifike kizima. Kontena la mashine zisizopimwa linaweza kuzuiwa, na ni sawa lizuiwe. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Msaada usigeuzwe mlango wa nyuma wa kuongezea mlima huo.

Kwa hiyo mpokeaji awe na ujasiri wa kukataa. Wengi huogopa kwamba wakikataa hawataitwa tena. Seva za kwenye rafu zikataliwe, kwa kelele zake na wati mia kadhaa zinazokula. Printa za leza zenye tona ambayo bei yake inashinda matumizi ya muhula zikataliwe. Simu za mezani za mtandao, vifaa vya UPS (vya kushikilia umeme unapokatika) vyenye betri za miaka mitano, na vifaa vya Wi-Fi visivyofanya kazi bila leseni ya kila mwaka, vyote ni gharama iliyovaa nguo za msaada. Swichi ya mtandao yenye matundu 24, kwa upande mwingine, ichukuliwe kwa mikono miwili ikiwa imerudishwa kwenye hali ya kiwandani. Humaliza miaka mingi bila kudai chochote.

Asasi za hisani zina hali yao. Nyingi hazihitaji kompyuta 30 bali sita zinazoaminika, na zinatunza taarifa nyeti za watu wanaowahudumia: wagonjwa, watoto, waliokimbia ukatili. Kwao mashine iwe na diski iliyosimbwa tangu siku ya kwanza na mfumo endeshi unaoendelea kupata masasisho ya usalama. Sita za namna hiyo ni bora kuliko ishirini za kubahatisha. Ofisi inayotoa nayo ithibitishe usajili wa asasi na iweke masharti ya kutouza kwa muda uliotajwa, maana zipo asasi zinazoundwa ili kuchukua mizigo na kuifikisha sokoni.

Hati ya makabidhiano itaje mambo mawili ambayo kwa kawaida huachwa: nani atachukua mashine zikifa, na nani atazihesabu baada ya miezi 12. Hesabu hiyo ni simu moja na fomu ya ukurasa mmoja. Ngapi zinawaka, ngapi zimekufa, kila iliyokufa imekufa kwa nini: betri, kikasha cha umeme, nywila, waya wa skrini. Majibu yarudi kwa yule yule mtunza bohari aliyefungasha mzigo, kabla hajafungasha mwingine.